Kutoka Nakapanya hadi Sinza kwa Remmy: safari ya kutafuta wasanii waliokusanya watu

Daftari la safari limejaa madoa ya rangi ya mafuta na mchuzi wa pweza, na simu imejaa picha hadi haipokei nyingine. Tangu nirudi Tunduru nimekuwa nikikaa nazo jioni, napanga kila jambo kwenye siku yake. Walimu wenzangu wa sanaa wameniomba niandike, na mimi mwenyewe sitaki niliyoyaona Dar es Salaam yaishie kwangu.

Nafundisha sekondari. Darasani kwangu wamo watoto wa wakulima wa korosho na mpunga, na wamo watoto wa wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao. Wazazi wanagombania mashamba na njia za mifugo, wengine wameshafikishana polisi, na watoto wameuleta ugomvi huo mpaka kwenye madawati. Serikali ya kijiji imetupa ukuta wa ghala, pale sokoni, tuuchore. Kabla ya kufungua hata kopo moja la rangi nilitaka kujua msanii hufanya nini hasa mpaka watu wasiosalimiana wasimame pamoja mbele ya kazi yake. Hotuba za umoja nimeshazisikia za kutosha.

Jumatano: Tunduru, Masasi, Somanga, Mbagala

Basi la moja kwa moja huondoka saa kumi na moja alfajiri. Nililipa shilingi 40,000 na tiketi nilikata siku moja kabla. Msimu wa korosho kata mapema zaidi, maana wafanyabiashara huchukua viti vyote vya mbele, na huko nyuma utarushwa mpaka kiuno kiume.

Nakapanya tulipita bado giza halijaisha. Hapa, enzi zile pakiitwa Namochelia, ndipo alipozaliwa mchoraji Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932. Nilichungulia dirishani nikitafuta walau kibao, sikukiona. Jirani yangu, mzee aliyekuwa akimpeleka mjukuu hospitali Ndanda, aliniuliza natafuta nini. Nilipomwambia, akacheka kidogo. "Huyo alitoka huku kijana, akaenda Tanga kwenye mkonge. Sisi hapa tunamjua kwa ukoo, mwalimu. Kwa picha mnamjua nyinyi mliosoma." Maneno hayo yalinikaa moyoni njia nzima. Mtu ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo wa uchoraji duniani kote, na nyumbani kwake watoto hawajawahi kuona hata picha yake moja!

Masasi tulipata chai na chapati, 1,500. Tulipokaribia Lindi nilimkumbuka Ebrahim Hussein, aliyezaliwa huko mwaka 1943. Tamthiliya yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, niliisoma nikiwa mwanafunzi, na nimeifundisha mara nyingi. Inasimulia namna makabila yaliyokuwa yakiviziana yalivyoungana dhidi ya Wajerumani mwaka 1905 kwa nguvu ya maji ya mtu mmoja wa Ngarambe, na namna imani ile ilivyomlemea yeye mwenyewe. Sijui kazi nyingine ya Kiswahili inayosema wazi hivyo kwamba umoja una gharama, na kwamba anayewaunganisha watu ana deni kwao la kusema kweli. Basi lilikuwa linakata vilima vya kusini mle mle vita vilimopita, na vijana wa kiti cha nyuma walikuwa wanabishana Simba na Yanga.

Kati ya Nangurukuru na Somanga tairi lilipasuka. Barabara hii ndiyo iliyokatwa na maji ya kimbunga Hidaya Mei 2024, na mpaka leo dereva akifika sehemu za makorongo hupunguza mwendo. Tairi la akiba nalo halikuwa na upepo, kwa hiyo tulikaa pale zaidi ya saa mbili, jua la saa nane. Mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la samaki wa kukaanga alitutua kwake chini ya mwembe, akaleta maji ya kunywa kwenye ndoo na kikombe kimoja, akawa anawapa watoto kwanza. Nilinunua changu mmoja kwa 3,000. Maji hakutaka kulipwa. "Maji ni ya Mungu, mwanangu. Lipa samaki."

Daraja la Mkapa tulilivuka jua linazama juu ya Rufiji. Kutoka Kibiti hadi Mkuranga nililala. Rangi Tatu, Mbagala, tulifika saa nne usiku.

Kwa anayekuja: ukiingia Mbagala usiku na mizigo, usihangaike kuvuka jiji. Gesti safi zipo jirani na stendi kuanzia 20,000. Lala, asubuhi panda daladala.

Alhamisi: Morogoro Stores, Oysterbay

Siku hii ndiyo iliyonitoa Tunduru.

Daladala mbili, 600 kila moja kwa vipande nilivyopanda, na foleni ya kutosha kusoma gazeti zima. Konda wa gari la Masaki nilimwambia anishushe Morogoro Stores, dukani walipo wachoraji wa Tingatinga. Akamwagiza abiria mwingine, dada aliyevaa sare za usafi, anionyeshe njia kwa kuwa na yeye anashuka hapo. Dada yule alinifikisha mpaka mlangoni ndipo akageuka kwenda kazini kwake.

Wachoraji wamekaa kwenye vibaraza, wengine kwenye viti vifupi, wengine chini kabisa, picha zimetundikwa mpaka kwenye nondo za madirisha. Harufu ya rangi ya mafuta inakupokea kabla ya watu. Nilimsalimu mzee wa pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Tunduru."

Akaweka brashi chini. "Tunduru ipi? Nakapanya? Basi karibu, umefika kwenu."

Wengi wa wachoraji hawa, au wazazi wao, wametoka kusini. Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 alikuwa amepitia mkonge Tanga na kazi za ndani kwa wazungu hapa mjini. Alichukua hadibodi, ile ile ya kuezekea dari, akaikata mraba, akachora kwa rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikipatikana na bei yake aliimudu. Akawa anauza nje ya duka hili la Morogoro Stores. Kazi ilipoanza kupata wateja aliwaita ndugu na jamaa: Januari Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah, Simon Mpata. Waliketi naye, wakaona anavyofanya, wakafanya.

Mwaka 1972 askari polisi walilifyatulia risasi gari alimokuwa, wakidhani ni la wezi. Akafa. Alikuwa na miaka 40, na alikuwa amechora kwa miaka kama minne tu.

Nimeyasoma haya vitabuni, lakini kuyasikia pale, mzee akiyasema huku anapaka, kulinigusa vingine. Ufundi ule angeuficha ungezikwa naye. Aliugawa, na wale aliowagawia nao wakagawa, mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika, na leo familia nyingi zinakula na kusomesha kwa mkono wa mtu aliyeondoka zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Edward ni jina la kanisani, Saidi la msikitini, na vibarazani pale ukikaa tangu asubuhi utaona wanaokwenda swala na wanaovaa rozari wakiazimana brashi. Hakuna aliyewahubiria. Wanahitajiana tu: huyu ana rangi nyekundu imebaki, yule ana mteja wa picha kubwa asiyoweza kuimaliza peke yake.

Nilikaa karibu saa nzima nikimtazama mzee. Alikuwa ameshapaka rangi ya chini, buluu inayofifia kuelekea njano, imekauka tangu jana. Hakuweka penseli hata kidogo. Mstari mmoja mweusi ukaanza shingoni mwa ndege, ukashuka kifuani, ukapinda miguuni bila mkono kunyanyuka. Kisha akageuza brashi, akachovya mkia wake kwenye rangi nyeupe, akaanza kugonga nukta kwenye bawa, moja moja, kila ya pili ndogo kuliko ya kwanza mpaka rangi iishe mtini, halafu anachovya tena. Mtoto wa umri wa miaka kumi hivi alikuwa anamalizia nukta za bawa la pili.

Nikamweleza habari ya ukuta wetu. Alisikiliza bila kunikata. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Rangi ya chini atapaka nani?"

Nikasema nilipanga niipake mimi na mwalimu mwenzangu mwishoni mwa wiki, ili watoto wakute ukuta tayari.

"Hapana. Hiyo ndiyo wapake wao, wote, siku moja. Rangi ya chini haina jina la mtu. Ukishawapa huyu achore ng'ombe, yule achore mkorosho, kila mmoja ana kipande chake na atakilinda. Lakini chini ni kumoja. Na mpake mchana, soko likiwa limejaa. Wazazi wao wapite, wawaone."

Niliandika kila neno. Akaongeza la ufundi: ukuta wa chokaa hauvumilii rangi ya mafuta, itabanduka mvua ya kwanza. Kwangua chokaa yote, osha, acha ukauke vizuri, ndipo upake rangi ya maji ya nje. Ya mafuta iweke kwenye michoro midogo tu.

Chakula cha mchana nilikula nao, wali maharage na mchicha kwa mama ntilie wa jirani, 2,500. Mzee alikataa nimlipie.

Kwa wanaokwenda: omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Ukinunua, muulize aliyechora ni nani na umlipe mwenyewe mkononi ikiwezekana. Picha ndogo nilizipata kwa 15,000, na sikuona haki ya kuomba ishuke zaidi.

Ijumaa: Mikocheni na Mwenge

Asubuhi nilipita Nafasi, kituo cha wasanii kilichoanzishwa mwaka 2008 huko Mikocheni kwenye eneo la viwanda vidogo. Vijana walikuwa wanajiandaa na onyesho na hawakuwa na muda, kwa hiyo nilitazama kazi, nikaondoka kwa bodaboda, 3,000 mpaka Mwenge.

Kwa wachongaji wa vinyago unasikia tezo kabla hujaona mtu. Wamakonde wengi wa kwanza walikuja kutoka ng'ambo ya Ruvuma kwa ajili ya mkonge na vita, wakaja na ufundi wao. Kinyago nilichokifuata ni kile cha watu waliopandana, wanaume, wanawake na watoto kwenye gogo moja la mpingo, kinachoitwa ujamaa. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Roberto Yakobo Sangwani, na wachongaji husimulia kwamba vya mwanzo vilionyesha mshindi wa mieleka akibebwa juu na wenzake. Siasa ya ujamaa ya Mwalimu Nyerere ilipokuja, umbo lilikuwa tayari lipo, likapata jina la kulibeba.

Kijana aliyekuwa anachonga alikibana kinyago kwa nyayo zake mbili, uso wa mtoto ukiwa ndiyo kwanza unatokeza ubavuni mwa bibi. Patasi nyembamba, gonga, puliza vumbi, gonga. Nilimuuliza akikosea mmoja inakuwaje.

"Nikimkosea huyu nimewakosea wote, dada. Gogo ni moja. Siwezi kumtoa mtu hapa bila kumvunja aliyemshika."

Nilipiga picha mikono ile ikiwa bado kwenye mgongo wa bibi. Nitaionyesha darasani bila kusema neno la ziada.

Tahadhari: vipo vinyago vya mti mwepesi vilivyopakwa rangi ya viatu. Geuza, tazama kitako, pima uzito mkononi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini.

Jumamosi: Sinza kwa Remmy

Makonda huita kituo hiki "Kwa Remmy" kutwa nzima, na vijana wengi wanaoshuka hapo hawamkumbuki mwenyewe. Mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Alikuja Dar mwaka 1978 kupiga na bendi ya Makassy, baadaye akaongoza bendi ya Super Matimila, na alifia jiji hili hili Desemba 2010. Mgeni aliyekuja na gitaa, mtaa ukachukua jina lake. Nilitaka nikae hapo kidogo kwa heshima tu.

Kijiwe cha kahawa kipo, kikombe 200 na kashata 100. Wazee walikuwa wanne, na mmoja alikuwa mpenzi wa dansi wa zamani. Nilipotaja wimbo wa Mambo kwa Soksi wote walicheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu wa kumkumbuka.

Wasomaji vijana huenda hawajui hali ilivyokuwa. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata watu walizikana huku wakisema ni kurogwa, ni kifua, ni homa tu. Kutamka kondomu mbele ya mkwe ilikuwa fedheha. Remmy akaimba, akaiita soksi, akaimba kumbini na baa, mbele ya watu waliolewa na waliovaa vizuri, wake kwa waume. Redio ya taifa haikuupiga. Wimbo ukaenda kwa kaseti na kwa midomo.

"Padri alisema dhambi, shehe alisema dhambi," mzee yule alituambia. "Remmy akasema mnakufa. Tukacheza, na tukasikia."

Mama muuza matunda aliyekuwa jirani aliingilia, akisema mama yake alimchapa kwa kuuimba, na miaka michache baadaye, kaka zake wawili walipokwisha kuzikwa, mama huyo huyo ndiye aliyewakalisha watoto akawaambia yale yale aliyoyachapia. Hapo hakuna aliyecheka.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Wapo wanaoamini msanii anayetaka umoja aimbe umoja, achore mikono miwili imeshikana na bendera nyuma. Mimi naamini kinyume chake. Ukuta ulioandikwa "Tudumishe amani" watu huupita kama wanavyopita tangazo la sabuni. Remmy aliwaunganisha watu kwa kutaja kile walichokuwa wanafichana, akakitaja mahali wanapokusanyika wenyewe, kwa lugha ya mzaha waliyoweza kuibeba nyumbani. Kwetu Tunduru kinachofichwa kinajulikana: mahindi yaliyolishwa usiku, ng'ombe waliokatwa mapanga, na fidia ambazo hazijalipwa kwa upande wowote. Ukuta wetu ukiyakwepa hayo utakuwa pambo tu. Watoto wayachore. Mtoto wa mfugaji achore ng'ombe aliyejeruhiwa na mtoto wa mkulima achore shamba lililoliwa, kwenye ukuta mmoja, juu ya rangi ya chini waliyoipaka pamoja. Wazee wa kijiji watakasirika, najua. Nitakwenda kwao kwanza, na nitakwenda na mtendaji.

Jioni nilikula pweza kwenye kigenge, 500 kwa kipande na mchuzi bure.

Jumapili

Coco Beach, mihogo ya kuchoma na pilipili, 1,000. Nilipumzika.

Jumatatu na Jumanne: Kariakoo na kurudi

Rangi nilinunua maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo. Uliza bei kwenye maduka matatu, tofauti ya ndoo moja inaweza kufika 10,000. Nilichukua ndoo mbili za rangi ya maji ya nje, nyeupe, na makopo madogo ya rangi za mafuta nyekundu, njano, buluu, kijani na nyeusi. Rangi nyingine zote mtazipata kwa kuchanganya. Brashi nunua nyingi za bei ya chini, za watoto hazidumu. Gharama yote ilifika 218,000, na sehemu yake ni michango ya wazazi wa pande zote mbili, jambo ambalo sitaacha kulitaja kila nitakapopata nafasi.

Muuza duka alipojua ni ya shule alifunga kila kopo kwa mkanda mzito, akaandika "isimamishwe" kwa kalamu nyekundu, hakutoza. Tapentaini usibebe, baadhi ya mabasi yataikataa kwa sababu ya moto, na Masasi inapatikana. Konda alidai 10,000 za mzigo, tukaelewana 6,000.

Ukuta tunaanza kuukwangua Jumamosi, saa tatu asubuhi, siku ya soko. Mwalimu yeyote wa Namtumbo, Masasi au Nanyumbu anayetaka kuja kushika brashi aje na nguo za kazi na glasi ya kunywea. Maji tutachota kisimani.